Kisu cha kukunja cha maana kwa mtu wa ziwani: Sebenza, Para Military 2 au Bugout?

Fundi wa Mwaloni

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, Kirumba, kazi yangu ni injini za boti. Nataka kununua kisu kimoja cha kukunja, cha maana kabisa, cha kukaa mfukoni kila siku asubuhi mpaka usiku, na nisije nikanunua kingine tena. Hela nimeiweka kidogo kidogo na sitaki kukosea.

Sababu yangu ni hii. Mwaka jana tulikuwa tunarudi kutoka Ukerewe, kamba ya nyavu za watu ikajisokota kwenye propela mpaka injini ikazima. Nikajilaza kifudifudi nyuma ya boti, mkono wa kushoto umeshika injini, wa kulia una kisu, nakata ile kamba kwa kusukuma ncha iingie katikati ya mikunjo. Kisu kilikuwa cha bei ya kawaida tu, chapa siitaji, loki yake ile ya kibamba chembamba cha ndani kinachojibana pembeni, wanaiita laina loki. Nilivyosukuma na kupindisha mkono kidogo ile loki ikateleza, kisu kikajifunga kwenye kidole cha shahada. Nilishonwa nyuzi nne. Baadaye nikakifungua kwa bisibisi nikakuta ndani kumejaa mchanga na magamba ya dagaa yamekauka, yani kile kibamba kilikuwa kinagusa kisigino cha bapa kwa upana kama wa unywele, na mimi miezi yote nilikuwa nasikia "tak" nadhani kimeshika.

Kwahiyo kwangu loki ndio jambo la kwanza, makali la pili, uzuri wa kutazama sijali sana. Nimesoma, nimeuliza, nimebaki na vitatu:

Chris Reeve Sebenza 31, bei inapita dola 400, kwetu ni zaidi ya milioni.
Spyderco Para Military 2, bei iko chini ya nusu ya hiyo au inaikaribia nusu, inategemea chuma.
Benchmade Bugout, bei haiko mbali na ya Spyderco.

Nisaidieni wakuu, hasa wale waliowahi kuvishika kwa mkono.

Nansio Kwetu

Pole sana mkuu kwa kidole. Swali moja tu, ukiinama nyuma ya boti kikikuponyoka je? Mimi ziwa limeshanimezea simu mbili na spana sijui ngapi. Kisu cha milioni hakielei.

Kijana wa Igoma

Mkuu kwanini usichukue Opinel tu? Namba 8 bapa lake sentimita 8.5, jepesi kama huna kitu mfukoni, mpini wa mti, na loki yake ni pete ya chuma unayoizungusha kwa mkono. Hiyo pete waliiweka 1955 na mpaka leo ipo, wakati kisu chenyewe kipo tangu 1890 huko Savoie Ufaransa. Kinakata kuliko hivyo vyote ulivyovitaja maana bapa lake jembamba, na kikizama unahuzunika siku moja tu unanunua kingine.

Au Okapi. Wazee wetu wamekitumia sana, Wajerumani walianza kukitengeneza mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya kuuza kwenye makoloni yao ya Afrika, siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini.

Fundi wa Mwaloni

Kijana wa Igoma asante, Opinel ninayo nyumbani naiheshimu sana. Shida mbili. Mti wake ukilowa unavimba, bapa linakwama, kulifungua unapambana nalo, na mimi mikono yangu inalowa siku nzima. Ya pili ile pete inataka mikono miwili, na kazi yangu mkono mmoja karibu wakati wote umeshika kitu kingine. Okapi pia mikono miwili, alafu chuma chake kile cha kaboni kinashika kutu usipokifuta.

Nansio Kwetu umegusa pabaya, nilikuwa sijalifikiria vizuri. Nitatafuta chenye tundu la kamba kwenye mpini.

Mnoaji

Nimeusoma uzi wote. Mimi kazi yangu ni kunoa, niko mjini hapa karibu na Makoroboi, na ninaomba niseme kitu ambacho wauzaji hawawaambii watu: kabla hujauliza kisu kinakaa na makali muda gani, jiulize kikifa makali nani atakinoa, na kwa jiwe gani.

Visu hivi vya bei kubwa vingi vina vyuma vya unga, yani chuma kilichofanywa unga kwanza kisha kikashindiliwa, majina yake S30V, S35VN, S45VN, na kwenye hivyo vyuma kuna vanadiamu. S30V ina kama asilimia 4. Vanadiamu ikikutana na kaboni ndani ya chuma inatengeneza chembe ndogo ndogo ngumu sana, ngumu kuliko hata unga wa lile jiwe la kunolea la kawaida la dukani. Ndio maana kinakata maboksi na kamba wiki na wiki. Lakini ndio maana pia mtu anakuja kwangu analalamika kisu cha hela nyingi hakinoleki. Amekisugua kwenye jiwe la kawaida, jiwe linakula chuma laini kinachozunguka zile chembe, zenyewe zinabaki, makali yanakuwa kama yana usingizi. Dawa yake ni almasi, bamba la almasi, basi. Na msiende kukinoa juu ya mwamba kama tunavyonoa mapanga huku kwetu mji wa miamba, itale inafaa panga la chuma laini, kwa S30V unajichosha na unakwangua bapa bure.

Kingine, na hapa naomba mnisikie kabisa, msikipeleke kwenye gurudumu la kunolea la umeme wala la baiskeli. Nilishaletewa kisu cha aina hiyo ncha imegeuka rangi ya bluu kwa upana wa kama milimita tano. Ile bluu ni moto. Makali ni membamba, joto halina pa kukimbilia, chuma kinapoteza ugumu wake palepale, na kuanzia hapo ukinoa asubuhi jioni kimekufa. Mwenye kisu alikuwa karibu kulia na mimi sikuwa na la kumfanyia zaidi ya kumwambia akile kwa almasi taratibu miaka mpaka ile sehemu iishe.

Kwa Fundi swali langu: unakata nini zaidi? Kamba ya manila, nailoni, mipira, au samaki?

Fundi wa Mwaloni

Kamba na nailoni ndio kubwa, mipira ya mafuta, magunia, waya mwembamba kuumenya, na chakula. Samaki hapana, nina kisu chake cha jikoni.

Mnoaji

Vizuri sana, samaki usimkate na kisu cha kukunja. Ute unaingia kwenye pini, unakauka, unanuka, na unaziba loki kama ulivyoona.

Basi tazama unene. Bugout bapa lake ni kama milimita 2.3, Sebenza milimita 3.2, Para Military 2 karibu 3.7. Bugout inapita kwenye embe na kwenye mpira wa mafuta kama haipo. Para Military ni nene kwenye uti ila bapa limechongwa likashuka sawasawa kutoka kwenye uti mpaka kwenye makali, kwahiyo kwenye kamba halikwami. Sebenza limekombwa kwa ndani kidogo, nyuma ya makali ni jembamba, uti umebaki na nguvu.

Na kama unaweza kupata yenye MagnaCut, chukua hiyo. Hicho chuma kilitoka 2021, alikibuni Mmarekani anaitwa Larrin Thomas, na akili yake iko hivi: kinachozuia kutu ni kromiamu iliyo huru ndani ya chuma. Kuna chuma kingine, D2, kina kromiamu kama asilimia 12 lakini nyingi imefungwa ndani ya zile chembe ngumu pamoja na kaboni, kwahiyo haifanyi kazi ya ulinzi, kinashika kutu. MagnaCut ina kama 10.7 tu ila zile chembe za kromiamu hazimo, kromiamu karibu yote iko huru, na kutu haikisogelei kirahisi. Ndio maana usisome asilimia peke yake kwenye boksi.

Mama Kayabo

Kaka zangu mnaongelea kutu na mimi ndiye mwenye kutu, sihitaji kuulizwa. Nafanya kayabo, sangara wa chumvi, na watu wanadhani kwa sababu ziwa letu ni maji baridi basi huku hakuna shida ya chumvi. Njoo kwenye beseni langu. Kisu cha chuma cha pua cha dukani nakiacha jioni kina maji ya chumvi, asubuhi kina vidoti vya kahawia kama mtu amekimwagia chai, na vile vidoti vinachimba.

Shemeji yangu aliniletea Spyderco Pacific Salt, mpini wa njano, chuma H-1. Hicho chuma walikitengeneza Wajapani, kaboni ndani yake ni ndogo sana, kama asilimia 0.15, ugumu wake unatoka zaidi kwenye kukandamizwa kikiwa baridi kiwandani. Namalizia msimu wa pili, sijaona kidoti. Kinakufa makali mapema kuliko vya kina Mnoaji hivyo, huo ndio ukweli, ila changu kina meno na meno yanasaidia sana kwenye kamba na magunia, na jioni nakisuuza tu naning'iniza.

Najua samaki na kisu cha kukunja haviendani, mimi sichinji nacho, nakatia kamba na viroba vya chumvi. Nimeona niseme ili wa kwenye chumvi wasinunue S30V wakajuta. Kwa Fundi, wewe uko kwenye maji baridi na mafuta, huhitaji kwenda mbali hivyo. Ila mpini wa njano ufikirie. Mweusi ukianguka kwenye maji ya sakafu ya boti jioni huuoni.

Nansio Kwetu

Nakazia hapo kwa njano.

Mzee wa Bwiru

Habari zenu vijana. Mimi nina Sebenza, kubwa, mwaka wa nne sasa, aliniletea mwanangu aliyeko nje. Nitasema ninachokijua.

Jina lenyewe ni la Kizulu, sebenza ni kufanya kazi. Chris Reeve ni mtu wa Afrika Kusini, akahamia Boise huko Idaho, Marekani, 1989. Yeye ndiye aliyeanzisha ile loki ambayo upande mmoja wa mpini wenyewe umechanwa na kupindwa kidogo ndani, ukifungua kisu ule upande unaruka na kukaa nyuma ya bapa. Si kibamba chembamba, ni mpini mzima wa titaniamu. Tena ukikishika kwa nguvu vidole vyako vinazidi kuibana loki, kwahiyo unavyokaza ndivyo inavyokaza. Kwenye hii 31 wameweka kigololi cha seramiki pale titaniamu inapogusana na chuma, maana titaniamu ikisuguana na chuma ina tabia ya kung'ang'ania.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kimetengenezwa ili mwenyewe ukifungue. Ufunguo wake unakuja ndani ya boksi. Hakina beringi, kina washa za shaba, mchanga ukiingia hausagi vigololi, unafuta na kitambaa unarudisha. Kwa sisi hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dhamana za hizi kampuni ni nzuri sana kama unakaa Marekani, lakini ukiwa Mwanza kutuma kisu mpaka kwao na kurudi ni gharama na ni miezi. Kisu ambacho siwezi kukifungua mwenyewe mezani kwangu nakihesabu kama hakina dhamana.

Mabaya yake. Ni kizito, kinapita gramu 130, Bugout ni gramu 52 tu. Titaniamu ikiwa na mafuta inateleza mkononi, sikufichi. Na kwa kukata tu, kamba haijui bei. Kile unacholipia juu ya dola 200 ni namna vipande vilivyokutana, hakuna mwanya, hakuna kucheza, bapa linakaa katikati kabisa na linafunguka kwa uzito uleule kila siku. Mimi hilo linanipa raha kweli kweli na sioni aibu kulilipia. Lakini wewe una kidole kilichoshonwa, usinunue kwa kusoma. Jumamosi nashuka Mwaloni, nitakuja nacho, ukate nacho kamba mpaka uridhike.

Fundi wa Mwaloni

Mzee wangu shikamoo, nakushukuru sana sana. Nitakuwepo. Kuna jamaa yangu wa kiwanda cha minofu naye ana Para Military 2, nitamwomba aje.

Mwana Nyegezi

Wakati mnasubiri Jumamosi, naomba nionye kuhusu kopi. Sebenza na Para Military ndivyo vinaigwa sana. Picha unaoneshwa ya kampuni, kinachokuja ni kingine, kimeandikwa S35VN kwenye bapa na ndani ni chuma hakijulikani. Mimi nililipa laki mbili na nusu kwa muuzaji wa mtandaoni, kilikuja kizuri kwa macho, wiki ya pili loki inacheza kama jino la mtoto. Ukiona Sebenza mpya inauzwa laki mbili jua hakuna bahati hapo. Kama bajeti ni ndogo nunua kisu halali cha bei ndogo. Wachina wana viwanda vizuri sana pale Yangjiang, Civivi kwa mfano, wanaandika jina lao wenyewe na chuma kilekile walichokiandika.

Na mnaoletewa na ndugu, mwambieni aweke kwenye begi la mzigo, sio mkoba wa mkononi, atanyang'anywa kwenye ukaguzi. Hata hapa uwanja wetu wa Mwanza ni hivyohivyo. Alafu kwenye daladala na kivuko usikifungue kwa mbwembwe, watu wanaogopa na wana haki ya kuogopa. Kata ulichokuwa unakata, funga, rudisha mfukoni.

Fundi wa Mwaloni

Wakuu nimerudi, leo Jumatatu. Jumamosi tulikaa na Mzee wa Bwiru na yule jamaa wa minofu pale kwenye mitumbwi karibu saa mbili nzima. Nilikuwa na kipande cha manila nene kama kidole gumba, ya zamani, ina mchanga ndani, nikakata vipande 30 kwa kila kisu, mikono nimeipaka mafuta ya injini makusudi na kulowesha.

Sebenza. Sijawahi kushika kitu kama hicho. Ukifungua hakipigi kelele, kinafika tu. Nilisukuma ncha kwenye mti wa mtumbwi nikapindisha kwa nguvu zangu zote huku roho iko juu kwa kumbukumbu ya kidole, loki haikutingishika. Mzee aliniangalia tu, akaniambia endelea mwanangu. Ila kweli kwa mafuta ilikuwa inanizunguka kiganjani, na kila nilipoinama ukingoni nilijikuta nakibana kwa hofu kisidondoke, nakata huku nawaza maji badala ya kamba.

Bugout sikuipata kuishika siku hiyo, ila jamaa wa minofu aliwahi kuwa nayo akasema ni tamu kwa mfukoni, loki yake ile ya kijiti kinachopita pande zote mbili unaifungua kwa mkono wowote, ila mpini wake wa plastiki mwembamba unanesa ukiubana kwa nguvu. Kwa mtu wa ofisini au msafiri ningesema chukua hiyo hata sifikirii.

Para Military 2 ndio nilikaa nayo muda mrefu. Mpini wake una ukwaruzo, hata na mafuta haukuzunguka. Lile tundu la duara kwenye bapa nalipata kwa kidole gumba bila kuangalia, hata kilivyolowa. Lakini kilichoniamulia ni kufunga. Laina loki yangu ya zamani, na hata Sebenza, ili ufunge lazima kidole gumba kiingie kwenye njia ya bapa kuisukuma loki, kisha ukitoe. Hii loki yake iko mgongoni mwa mpini, unaibana kwa juu, bapa linashuka, na vidole vyako vyote viko nje ya njia. Nilifungua na kufunga labda mara hamsini, na mara ya kwanza tangu nishonwe sikuwa naangalia kidole changu.

Kwahiyo nimeamua, Para Military 2, ile ya Salt, yani ya kustahimili kutu, yenye MagnaCut na mpini wa njano, na kamba kwenye tundu. Nilimwambia Mzee wa Bwiru kwa heshima kwamba Sebenza yake ni kisu bora kuliko hiki, na bado sitakinunua. Akasema amenielewa. Hela iliyobaki nanunua bamba la almasi, na nyingine narudisha kwenye gasketi ninazodaiwa.

Dada yangu wa Arusha mumewe anasafiri mwezi ujao, atakuja nacho kwenye begi la mzigo. Mnoaji mkuu swali la mwisho, hilo bamba ninunue la namba ngapi ya ukubwa wa chembe, maana naona kuna 325, 600 na 1200?

Mnoaji

Chukua la pande mbili, 600 na 1200. Usiliguse 325 mpaka siku umekigonga kwenye chuma makali yakameguka. Kikija, usikinoe, kitumie kwanza kama kilivyotoka. Siku ukiona kamba inateleza badala ya kuumwa, pitisha upande wa 600 mara kumi kila upande bila kukandamiza, weka maji kidogo, kisha 1200. Alafu pita kwangu nikuoneshe pembe yake, hiyo sikutozi.